Kipenga ni cha Anayesikia

Kipenga nikipendacho kuliko vyote nilivyonavyo sijawahi kukipuliza. Ni kidogo, ni kizito kuliko unavyotarajia ukikitia kiganjani, rangi yake ya kijivu imekuwa nyeusi kwenye mikunjo, na pale pa kuwekea mdomo kina alama za meno. Si mikwaruzo, ni meno hasa: mawili juu, mawili chini, yamezama kiasi kwamba ukipitisha ukucha unakwama. Sikipulizi kwa sababu kimefinyangwa kwa bati laini, na bati la vipenga vya zamani vya namna hiyo mara nyingi limechanganywa na risasi, ambayo si madini ya kutia kinywani. Basi kimekaa droo ya juu, peke yake, juu ya kitambaa.

Kwa miaka nilijiuliza ni nani aliyeking'ata hivyo. Nilidhani ni mtoto. Baadaye nikadhani ni mtu mwenye hasira. Nilikosea mara zote mbili, lakini ilibidi nipotee mlimani ndipo nijue.

Nilianza kukusanya vipenga kama wanavyoanza wengi, yaani kwa macho. Nilitafuta mng'aro, muhuri, jina la karakana, mwaka uliogongwa ubavuni. Nilivipanga kwa umri na kwa nchi. Halafu nikaanza kwenda porini na milimani na watu wanaojua kutembea, kipenga kikahama kutoka kwenye droo hadi kwenye mkanda wa begi, na maswali yangu yakabadilika. Siku hizi nikikiokota kipenga nisichokijua, swali la kwanza si kimetengenezwa na nani. Nauliza kilitengenezwa ili asikie nani. Mbwa aliye upande wa pili wa mto? Askari mwenzake aliye mtaa wa tatu? Baharia aliye juu ya mlingoti? Mchezaji aliyezungukwa na kelele za uwanja? Ukishajua msikiaji, umbo la chombo linaanza kujieleza lenyewe.

Nieleze kwanza ninavyotumia maneno, maana lugha yetu ina ukarimu hapa. Filimbi inaweza kuwa ile ya mwanamuziki yenye matundu, na inaweza kuwa ya refa. Wengine husema firimbi. Mbinja, au mluzi, ni ule unaotoka kwenye midomo na vidole bila chombo chochote. Mimi chombo cha kuitia watu nakiita kipenga, na wapo wanaosema kipyenga. Humu nitashika kipenga.

Ndani ya kipenga hakuna siri kubwa, ila kuna hesabu nzuri. Nimewahi kukata viwili vilivyokuwa vimepasuka, nione. Pumzi inabanwa kwenye mfereji mwembamba, inatoka kama karatasi ya hewa, inavuka dirisha na kugonga ukingo mkali. Hapo inayumba: mara inaingia tumboni mwa kipenga, mara inatoka nje, maelfu ya mara kwa sekunde. Tumbo ndilo linaloamua iyumbe mara ngapi, na mara hizo ndizo kimo cha sauti. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa hezi 3,400, yaani unaoyumba mara 3,400 kwa sekunde, una wimbi la urefu wa sentimita 10. Bomba lililozibwa upande mmoja hulia kwa wimbi lenye urefu mara nne ya bomba lenyewe. Gawanya, unapata sentimita mbili na nusu. Ndiyo maana vipenga vyote vya maana vinatosha mfuko wa shati. Si kwamba mafundi walipenda udogo. Sikio la binadamu ndilo lililowapa kipimo. Sikio letu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na humo ndimo karibu kila kipenga cha kuitia watu kinamolia. Sauti ya mtu anayeita kwa nguvu zake zote iko chini ya hapo kwa sehemu kubwa, tena inapasuka baada ya dakika chache. Kipenga hakihitaji koo. Mtu aliyevunjika mbavu anaweza kukipuliza.

Kigololi kile kinachorukaruka ndani, ambacho watu wengi hudhani ndicho kinacholia, hakilii. Kazi yake ni kuukatakata mlio. Kila kinapopita dirishani kinaubana upepo na kuuachia, na sauti iliyokuwa mstari mnyoofu inakuwa na meno kama msumeno. Zamani kigololi kilikuwa cha koki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, na kilisukumiwa ndani kwa kubanwa kupitia dirisha lenyewe. Watengenezaji kadhaa bado wanatumia koki hadi leo, wengine wamehamia plastiki. Tofauti yake utaisikia: koki ina mtetemo wa mviringo, plastiki ni kali zaidi. Napenda koki. Lakini mapenzi hayo yamenigharimu, nitafika huko.

Kabla ya chuma na kabla ya plastiki kulikuwa na mfupa. Mwaka 2023 wanaakiolojia walichapisha uchunguzi wa filimbi 7 za mifupa kutoka Eynan-Mallaha, kaskazini mwa Israeli, zenye umri wa takriban miaka 12,000. Zimetengenezwa kwa mifupa ya mabawa ya ndege wa majini. Mifupa hiyo ni myembamba mno, kiasi kwamba ingekuwa rahisi zaidi kutumia ya ndege wakubwa waliokuwepo palepale. Watafiti walipotengeneza nakala na kuzipuliza, walipata sauti inayofanana na ya ndege wawindaji, kozi mdogo na kipanga. Mtu wa kale alichagua mfupa mgumu kuufanyia kazi kwa sababu alimfikiria msikiaji fulani. Huenda msikiaji huyo alikuwa na mabawa. Nilipoisoma habari hiyo nilifungua droo zangu usiku uleule nikaanza kuzipanga upya.

Droo kubwa kuliko zote ni ya Birmingham. Huwezi kukusanya vipenga bila kufika kwa Joseph Hudson, fundi wa zana wa mji huo wa Uingereza aliyefungua karakana yake mwaka 1870. Polisi wa London wakati ule walibeba kelekele za mbao, zile za kuzungusha zikagonga, nzito na zisizofika mbali. Walipotafuta kitu bora mwaka 1883, Hudson akashinda kwa kipenga cha bomba kinachotoa sauti mbili kwa pamoja. Kisa kinachosimuliwa kila mahali ni kwamba alidondosha fidla yake, nyuzi zikakatika kwa mlio mbaya, akatambua kwamba ubaya huo ndio alioutafuta. Kisa kiwe kweli au kimepambwa, masikio yake hayakukosea. Sauti mbili zilizokaribiana hazipatani. Zinagongana na kuzaa mapigo, na mapigo hayo ndiyo yanayopenya kelele za magurudumu na kwato. Kipenga hicho kilijaribiwa kwenye uwanja wa Clapham Common na kusikika zaidi ya maili moja. Mwaka uliofuata, 1884, akatoa Acme Thunderer chenye kigololi, na umbo lake, tumbo la konokono na mdomo bapa, ndilo ambalo mtoto yeyote akiambiwa achore kipenga atalichora.

Hapa mkusanyaji ana raha yake. Karakana ya Hudson ilihama mara kadhaa na ilikuwa ikigonga anwani kwenye bomba. Namba ya jengo na jina la mtaa, kama vile Barr Street, humsaidia mtu kukadiria umri wa kipenga hata pasipo tarehe. Wengine wa Birmingham, kama Dowler, waligonga yao. Vipenga vya maofisa wa Vita vya Kwanza vya Dunia mara nyingi vina mwaka na alama ya mshale wa serikali ya Uingereza. Ninavyo viwili vya namna hiyo na navishika kwa uzito. Kipenga cha mtaani kiliita msaada uje. Hivi viliamuru vijana watoke kwenye mahandaki wakakabili risasi, na waliosikia walikuwa wamebana ukuta wa udongo wakingoja. Nimevipuliza mara moja tu, kila kimoja, nikajua vinalia, ikatosha.

Anayeanza nitamwambia mambo machache, mengine atayajua mwenyewe. Usisugue. Weusi ule wa umri kwenye shaba na nikeli ndio ushahidi wako, na dawa ya kung'arishia hula herufi za muhuri polepole hadi anwani inakuwa ukungu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, kisha ukaushe vizuri. Kama kuna koki ndani, usiloweke. Ukiona bati laini la kijivu linaloacha alama likisuguliwa kwenye karatasi, lisifike mdomoni. Na ukiletewa kipenga kilichogongwa jina la meli mashuhuri iliyozama, kuwa na shaka tangu mwanzo, maana nakala za namna hiyo zimezagaa.

Meli yenyewe, hata hivyo, ina kisa cha kipenga ambacho kipo kwenye kumbukumbu, na sihitaji kuwa na chombo chake ili kinishike. Alfajiri ya Aprili 15, 1912, baada ya Titanic kuzama, Charles Lightoller, ofisa wa pili, alikuwa amesimama na watu wengine wapatao 30 juu ya mashua iliyopinduka. Ilikuwa ikizama chini ya miguu yao taratibu. Kulipopambazuka waliona mashua nyingine mbali. Alikuwa bado na kipenga chake cha kazi. Alikipuliza, mashua namba 4 na namba 12 zikaja kuwachukua. Watu wengi walikuwa wamepiga kelele usiku ule na kelele zao zilichanganyika zikawa kilio kimoja kikubwa. Mlio wa ofisa ulikuwa tofauti na kilio. Waliokuwa kwenye makasia walijua kwamba ule ni mlio wa mtu anayeagiza, wakageuza.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zinataka jaketi la kujiokolea liwe na kipenga kilichofungwa kwa ugwe. Kifungwe kwenye jaketi, si shingoni. Ugwe wa shingoni majini au kwenye vichaka unaweza kunaswa na kukukaba. Nimeona watu wenye uzoefu mkubwa wakilisahau hili kwa sababu shingoni panaonekana ndipo mahali pake.

Baharini kuna pia chombo kizuri kuliko vyote kwa umbo, nacho ni kipenga cha serehangi, yule msimamizi wa mabaharia melini. Ni bomba jembamba lililopinda linalopuliza hewa kwenye kitufe kama kijimpira chenye tundu. Serehangi hukunja na kufungua vidole juu ya kitufe hicho, na sauti hupanda na kushuka. Kwa sauti hizo mbili na mpito kati yake, mabaharia wa matanga walipokea amri nzima: pandisheni, shikilieni, acheni. Ilibidi iwe nyembamba ili ipenye upepo na kumfikia mtu aliye juu ya mlingoti. Kujifunza kukipuliza kwa haki kumenichukua miezi, na bado mpito wangu wa kushuka unakatika.

Mbwa nao wana droo yao. Mwaka 1876 Francis Galton, Mwingereza ambaye mawazo yake kuhusu uzao wa binadamu yalikuja kuleta madhara makubwa duniani, alitengeneza kipenga kidogo cha kupima mwisho wa usikivu. Kilikuwa na pistoni ya kufupisha bomba hadi sauti ipite pale binadamu anapoishia, karibu na hezi 20,000. Alikifunga kwenye ncha ya fimbo yake, akaunganisha mpira wa kuminya, akaenda nacho kwenye bustani ya wanyama, akikisogeza karibu na masikio yao na kutazama nani atageuka. Paka waligeuka vizuri. Mitaani mbwa wadogo karibu wote waligeuka, wakubwa hawakugeuka. Mjini Bern alijaribu kwa saa nyingi kwa mbwa wakubwa waliojilaza, asipate hata mmoja aliyesikia. Hapo ndipo vilipotokea vipenga vya mbwa vinavyoitwa vya kimya, ambavyo mtu husikia pumzi tu.

Wafunza mbwa wa uwindaji, lakini, wengi wao hawatumii vya kimya. Wanatumia vipenga vidogo vya plastiki vyenye sauti inayosikika, na kinachopendeza ni kwamba vinauzwa kwa namba za kimo: 210½, 211½ na kadhalika. Namba ikiwa ileile, sauti ni ileile. Ukikipoteza kipenga porini unanunua kingine chenye namba hiyo, na mbwa wako hatajua kama kimebadilika. Pigo moja refu: keti. Mapigo mafupi ya harakaharaka: rudi. Mfunzaji mmoja aliyenikaribisha siku nzima alinieleza kwamba kosa kubwa la wanaoanza ni kuweka hisia kwenye kipenga. Wakikasirika wanapuliza kwa nguvu, na mbwa anasikia neno jipya asilofundishwa. Kipenga kilichaguliwa badala ya sauti ya mtu kwa sababu hakina hasira. Nilimwangalia akimsimamisha mbwa aliyekuwa akikimbia kasi kubwa upande wa pili wa bonde, kwa pumzi moja isiyo na nguvu yoyote. Mbwa alikaa chini, akageuza uso, akangoja mkono.

Wachungaji wa kondoo wao wana kibati kilichokunjwa kama nusu mwezi, chenye tundu, kinachowekwa ndani ya kinywa na kuchezwa kwa ulimi. Mikono inabaki huru. Kumbuka hilo la mikono.

Kipenga kisicho na kigololi kilitoka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Ron Foxcroft, refa wa Kanada, alikuwa akichezesha mechi huko São Paulo, Brazil, mwaka 1984, akaona kosa, akapuliza, kigololi kikakwama, kipenga kikanyamaza mbele ya umati. Alirudi nyumbani akiwa na wazo moja tu, akashirikiana na mbunifu Chuck Shepherd, na mwaka 1987 Fox 40 kikatumika kwenye Michezo ya Nchi za Amerika huko Indianapolis. Kina vyumba vitatu vyenye vimo vinavyotofautiana kidogo. Ukilisikiliza wazo hilo utaona ni lilelile la Hudson la miaka mia moja kabla yake: sauti zisizopatana, mapigo, msumeno. Kinachotetemesha mlio ni mgongano wa sauti zenyewe, kwa hiyo hakuna kinachoweza kukwama. Maji yakiingia yanatoka kwa pumzi moja.

Nilikijua hicho chote. Nilikuwa nimekisoma, nimekikata, nimekichora. Na bado siku ile nilibeba kipenga cha koki.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu aliyenizidi umri na uzoefu, kwenye mgongo mrefu wa mlima. Kundi letu lingine lilikuwa limetangulia kushuka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kwa dakika chache, na njia ya mawe tuliyokuwa tukiifuata ikawa mawe tu, kila upande. Tulisimama. Mwenzangu alitazama dira, akasema tusisogee hatua hata moja mpaka tujue ukingo uko wapi. Nikatoa kipenga changu, cha shaba iliyopakwa nikeli, kizuri, cha kigololi cha koki, nilichokuwa nimekibeba asubuhi yote kwenye mfuko wa koti lililolowa. Nikapuliza. Kikatoa mlio wa nusu, halafu hewa tupu. Koki ilikuwa imenyonya maji ikavimba, ikakaa dirishani kama kizibo. Baridi nayo ilifanya shaba ing'ang'anie mdomo wangu wa chini, nikauchuna nilipokivuta.

Mwenzangu akanipa cha kwake. Plastiki ya rangi ya chungwa, hakina jina lolote, kimefungwa kwenye mkanda wa begi kwa kipande cha kamba ya kiatu. Kililia hadi masikio yangu yakauma. Nikaanza kupuliza mfululizo, bila kupumzika, kama mtu anayegonga mlango.

Akaniwekea mkono begani. "Tulia kwanza, kaka. Unawaziba wanaokujibu."

Waungwana wa zamani walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ishara ya dhiki ya milimani, ambayo Clinton Dent wa Alpine Club, chama cha wapanda milima cha Uingereza, aliipendekeza mwaka 1894, imejengwa juu ya kimya: mapigo 6 ndani ya dakika moja, kisha dakika nzima ya kunyamaza, kisha tena 6. Anayejibu hupiga 3 kwa dakika. Huko Amerika ya Kaskazini wanaoomba msaada hupiga 3, na ni vizuri kujua uko wapi kabla ya kuhitaji. Lakini kiini ni ile dakika ya kimya. Ni zamu ya mwingine. Nilikuwa nimeikariri ishara hiyo kama mapigo 6, na dakika niliihesabu kuwa ni pumziko la mapafu.

Tukapiga 6. Tukanyamaza. Nilisikia moyo wangu na matone kwenye kofia. Hakuna kitu. Tukapiga 6. Tukanyamaza. Mara ya nne, sauti nyembamba ikaja, na sikuweza kabisa kusema imetoka wapi. Niliinua mkono kuelekeza kushoto, mwenzangu akaelekeza mbele.

Baadaye nilijifunza kwa nini. Masikio mawili hutambua upande kwa njia mbili. Kwa sauti nene hulinganisha wakati, sikio lipi limefikiwa kwanza. Kwa sauti nyembamba sana hulinganisha nguvu, maana kichwa kinazuia upande mmoja. Katikati, karibu na hezi 2,000 hadi 3,000, njia zote mbili zinadhoofika, na hapo ndipo vipenga vingi vinapolia. Tunachagua kimo kinachofika mbali zaidi, na ndicho kimo kigumu zaidi kukijua kimetoka wapi. Ongeza mwangwi wa miamba, na mtu anaweza kukutafuta kwa saa nzima akizunguka. Kinachosaidia ni mwanzo mkali wa mlio. Sikio hukamata ule ukingo wa kwanza kabla mwangwi haujafika. Pigo fupi lenye kichwa kikali, la "t" ya ulimi, huelekeza vizuri kuliko pigo refu laini hata kama lina nguvu zaidi. Vipenga vyenye msumeno ndani yake husaidia kwa sababu hiyohiyo: vina mianzo mingi ndani ya pigo moja.

Tangu hapo nimekuwa na mazoea. Kila kipenga kinachoingia kwangu, kama ni salama kwa mdomo, hakikai kwenye droo kabla hakijatoka nje. Tunakwenda mahali pa wazi, mbali na makazi na wanyama. Mmoja anabaki, mwingine anatembea na daftari: hatua 200, 400, 800. Anayesikiliza anafumba macho, anaelekeza kidole, ndipo anafumbua. Tunaandika kama amesikia, na pia kidole kilielekea wapi. Tunaandika upepo. Upepo unaotoka kwa mpulizaji huinamisha sauti ikarudi chini kwa msikiaji. Upepo unaokwenda kinyume huirusha juu ya kichwa chake, na kipenga kilekile kilichosikika hatua 800 kinapotea kwenye 300. Alfajiri, hewa baridi ikiwa imelala chini ya hewa ya joto, matokeo yanaongezeka kwa namna ya kushangaza. Msitu unakula sauti. Maji yaliyotulia yanaibeba.

Namba za desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwenye pakiti nazisoma, ila siziabudu. Kwenye uwanja wazi kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Kipenga cha desibeli 110 kwa mita moja kinabakiwa na 50 kwenye mita 1,000, tena hiyo ni hesabu ya karatasi, kabla hewa yenyewe, majani na upepo havijachukua chao. Desibeli 50 ni mazungumzo ya chini. Mtu anayetembea kwenye changarawe akiwa amevaa kofia ya koti hatasikia. Inabidi asimame. Kwa upande mwingine zile 110 za mita moja ni nyingi mno kwa sikio la aliye jirani, na kwa la mpulizaji mwenyewe. Siku za majaribio tunavaa vizibo vya masikio, na mlimani nageuza uso upande wa pili wa wenzangu.

Matokeo ya daftari yamepanga upya thamani ya vitu vyangu. Vile vipenga vilivyojengwa kwenye kifungo cha mkanda wa begi, ambavyo watu wengi wanategemea bila kuvijaribu, kwenye daftari langu havikuwahi kuvuka hatua 400. Jaribu chako kabla hujakiamini. Kipenga cha polisi cha bomba, cha zaidi ya miaka mia, kiliishinda plastiki mbili mpya kwa kuelekeza kidole, jambo lililonifurahisha hadi nikakipuliza mara nyingine bila sababu. Kile cha shaba kilichonisaliti, kikiwa kikavu, ndicho chenye sauti nzuri kuliko vyote. Bado nakipenda. Hakiendi tena mlimani.

Lakini nirudi kwenye ukungu. Baada ya jibu la kwanza tulibaki palepale, tukabadilishana zamu na yule tusiyemwona: sisi 6, kimya, yeye 3, kimya. Kila mara mapigo yake yalikuwa makali kidogo zaidi, na kidole changu na cha mwenzangu vilianza kukubaliana. Ilichukua muda mrefu. Vidole vyangu vilikufa ganzi, nikawa nabadilisha kipenga mkono hadi mkono. Kisha mapigo 3 yakatoka karibu kiasi kwamba niliruka, na mtu akajitokeza kwenye weupe, akipanda taratibu kwenye mawe yaliyolowa kutoka upande ambao tungeuita ukingo.

Alikuwa kiongozi wa kundi letu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kamba aliyoifunga chini ili apate njia ya kurudi, wa kushoto ulikuwa umeshika mwamba. Kipenga kilikuwa kati ya meno yake, amekiuma kwa nguvu, na alipofika pale tulipo alijaribu kusema kitu, akashindwa, maana alisahau kukitoa.